Usiseme "Ni Uzee Tu"

Ndugu msomaji, tuseme wewe unakaa Tumati, katika wilaya ya Mbulu. Nyumbani kwako yumo bibi yako. Ni asubuhi na baridi bado ni kali. Bibi amekaa mlangoni penye mwanga. Ana ungo wa maharage mapajani, anachambua.

Zamani bibi alikuwa hodari wa kazi hiyo. Hakuna jiwe lililompita. Siku hizi mnakula maharage na mawe yake. Tena bibi ameanza kusahau. Jana alimwita mama yako kwa jina la shangazi yako. Juzi alitoka kwenda kwa jirani akapotea njia, na njia hiyo ameipita miaka 40.

Liko na jambo la tatu, lakini hilo halionekani. Tangu bibi azaliwe, hajapimwa presha hata siku moja. Halalamiki, basi hakuna anayeuliza.

Wote nyumbani mna jibu moja kwa mambo haya. Mnasema, "Ni uzee tu."

Jibu hilo halisemwi kwa ubaya. Lakini lina hasara kubwa. Ukishasema "ni uzee tu," hutampeleka bibi zahanati. Nani anapeleka uzee kutibiwa? Basi ugonjwa unaotibika unaachwa, na mzee anaumia bure.

Katika makala hii tutatazama waliyoyaona wataalamu waliokwenda vijijini kuwapima wazee. Baadhi ya kazi hiyo imefanyika hapa hapa nchini mwetu, na nyingine katika wilaya yetu ya Mbulu.

WAZEE WETU NI WENGI

Mzee ni nani? Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi. Mtu aliyezaliwa mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, yaani 1961, amekwisha kuvuka umri huo.

Katika sensa ya mwaka 2012, wazee wa Tanzania walikuwa zaidi ya milioni 2 na nusu. Watu wanaishi miaka mingi kuliko zamani. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kuishi miaka mingi ni jambo moja, na kuishi miaka hiyo kwa afya ni jambo jingine.

Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Utajuaje umri wao? Iko njia rahisi. Muulize mzee juu ya mambo yaliyotokea. Mwaka wa Uhuru alikuwa mtoto wa kuchunga ndama, au alikuwa amekwisha kuoa? Azimio la Arusha mwaka 1967 lilimkuta wapi? Watu walipohamia katika vijiji mwaka 1974, alikuwa na watoto wangapi? Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilimkuta na umri gani? Ukiyapanga majibu hayo utaupata umri wake kwa karibu.

KWA NINI WATAALAMU WAENDE NYUMBA KWA NYUMBA?

Pengine utauliza hivi: Kwa nini wataalamu wasikae hospitali na kuwahesabu wagonjwa wanaokuja?

Fikiri kidogo. Anayekuja hospitali ni nani? Ni yule mwenye nguvu za kutembea, au mwenye nauli, au mwenye mtoto wa kumpeleka. Bibi yako wa Tumati hakwenda. Basi katika daftari la hospitali bibi hayumo. Mtu akilisoma daftari hilo, atadhani bibi ni mzima.

Ndiyo sababu wataalamu wa afya ya jamii hutoka. Huchagua vijiji. Halafu huenda kila nyumba na kumpima kila mzee, mgonjwa na mzima. Hapo ndipo ukweli huonekana.

Kazi kama hiyo ilifanyika katika wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro, kuanzia mwaka 2009. Madaktari wa Tanzania na wenzao wa Uingereza waliwatembelea wazee wa vijijini wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Hebu tuone waliyoyakuta.

KUSAHAU SI UZEE TU

Kwanza walitazama ugonjwa wa kusahau. Sisi wote husahau. Unasahau ulipoweka jembe, kisha unakumbuka. Huo si ugonjwa. Lakini yuko mzee anayesahau kuwa amekwisha kula. Anasahau jina la mwanawe. Anapotea njia ya nyumbani kwake. Huo ni ugonjwa wa ubongo.

Katika vijiji 6 vya Hai walipimwa wazee 1,198. Hesabu ilionyesha kuwa katika kila wazee 100, kama 6 walikuwa na ugonjwa huo.

Sasa fanya hesabu mwenyewe. Toa 6 katika 100. Wamebaki 94. Hao 94 nao ni wazee wa miaka 70, 80 na zaidi. Lakini hawana ugonjwa huo. Kama kupotea njia ya nyumbani kungekuwa ni uzee tu, wazee wote 100 wangepotea. Basi huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na mwenye ugonjwa huo anahitaji kusaidiwa.

Kuna hatari nyingine hapa. Mama mzee anayetembea usiku bila kujua aendako, au anayesema maneno yasiyoeleweka, anaweza kuitwa mchawi. Katika sehemu nyingine za nchi yetu, hasa Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wamewahi kuuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Wengine walituhumiwa kwa sababu macho yao ni mekundu. Lakini mwanamke aliyepika kwa kuni miaka 50, akikaa katika moshi kila siku, macho yake yatakuwaje? Ujinga unaua. Ugonjwa wa ubongo na macho mekundu ya moshi si uchawi.

Je, ugonjwa wa kusahau una dawa? Dawa ya kuuponya kabisa haijapatikana. Lakini yako mambo yanayosaidia. Huko huko Hai wagonjwa 34 walikusanywa katika vikundi vidogo. Walikutana mara 2 kwa wiki, kwa muda wa wiki 7. Walizungumza na kufanya kazi nyepesi pamoja wakiongozwa na wahudumu wa afya. Taarifa ya mwaka 2017 inasema akili zao zilichangamka kuliko mwanzo, na wasiwasi wao ulipungua. Hawakupewa sindano. Walipewa watu na mazungumzo.

PRESHA HAIPIGI HODI

Jambo la pili walilolipima huko Hai ni shinikizo la damu. Wengi tunaliita presha.

Presha ni nini? Moyo husukuma damu katika mishipa. Damu inapopita husukuma kuta za mishipa hiyo. Ikisukuma kwa nguvu nyingi mno, siku hadi siku, mishipa huharibika. Mwisho wake mshipa wa kichwani unaweza kuziba au kupasuka. Huo ndio ugonjwa wa kiharusi. Mtu hupooza upande mmoja, mdomo huenda upande, na maneno hayatoki sawasawa. Presha huharibu pia moyo, figo na macho.

Mganga akikupima atakutajia namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unaposukuma. Ya chini ni nguvu ya damu wakati moyo unapopumzika. Ukipimwa siku mbalimbali, na kila mara namba ya juu ni 140 au zaidi, au ya chini ni 90 au zaidi, basi una presha.

Huko Hai wazee 2,223 walipimwa. Karibu 7 katika kila 10 walikuwa na presha. Lakini jambo la kutisha zaidi ni hili: zaidi ya nusu ya hao wenye presha hawakuwa wakijua. Walikuwa wakilima, wakichota maji na kwenda sokoni. Hawakuumwa kitu. Presha haipigi hodi. Mara nyingi mtu huijua siku anapoanguka.

Pengine hapa utasema, "Ahaa! Wazee 7 katika 10 ni wengi. Basi presha ni uzee tu."

Usiseme hivyo bado. Turudi kwanza Mbulu.

TUWATAZAME JIRANI ZETU WAHADZABE

Magharibi ya milima yetu ya Mbulu kuna bonde la Yaeda. Huko, na kando ya ziwa Eyasi, wanakaa jirani zetu Wahadzabe. Unawajua. Baadhi yao wameendelea kuishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda ya porini na kurina asali.

Wataalamu waliwapima presha Wahadzabe wa rika zote. Taarifa yao ilitolewa mwaka 2017. Waliona kwamba wenye presha ni wachache, na hata kati ya watu wenye umri mkubwa hali ni hiyo hiyo. Waliwafunga pia vyombo vidogo vya kuhesabu mapigo ya moyo. Vyombo hivyo vilionyesha kuwa kwa siku moja Mhadzabe hutumia kama dakika 135 katika kazi inayoamsha moyo. Hizo ni zaidi ya saa 2 kila siku, za kutembea kwa kasi, kupanda na kuchimba.

Hapo tunajifunza nini? Mhadzabe naye huzeeka. Mvi humtoka, ngozi hujikunja. Lakini presha haimpandi kama inavyowapanda wazee wa mahali pengine. Basi kupanda kwa presha si lazima kuje pamoja na mvi. Namna tunavyoishi, yaani chakula, chumvi, uzito wa mwili na kazi za mwili, ina sehemu kubwa.

Hatukuambii uache shamba ukachimbe mizizi Yaeda. Tunakuambia hivi: mzee anayetembea na kufanya kazi inayolingana na nguvu zake anajilinda. Usimwambie mzee, "Kaa hapo, usiguse kitu." Utadhani unamheshimu, kumbe unamdhoofisha. Mwachie kazi anayoiweza. Achambue maharage, apukuchue mahindi, atazame ndama, atembee hadi kwa jirani.

Iko habari nyingine ya Wahadzabe. Tangu miaka ya 1980 wataalamu kutoka Marekani waliwachunguza bibi wa Kihadzabe. Waliwakuta wakichimba mizizi kwa bidii kubwa. Mama kijana akijifungua, hapati tena nafasi ya kuchimba kama kwanza. Nani atamlisha mtoto aliyeachishwa ziwa? Ni bibi. Wataalamu waliona kwamba kukua kwa mtoto huyo kulitegemea kazi ya bibi yake. Basi mzee si mzigo. Mzee ni nguzo ya nyumba. Nguzo ikiwa na mchwa, utaitibu au utasema "ni ukuu wa nyumba tu"?

MACHO YANATIBIKA

Sasa turudi kwa bibi na maharage yake. Kwa nini haoni mawe?

Ndani ya jicho kuna kioo kidogo kinachopitisha mwanga. Kwa watu wengi kioo hicho huingia ukungu kadiri umri unavyoongezeka. Mtu huona kama anatazama nje kupitia moshi. Baadaye mboni huonekana nyeupe. Huo ndio ugonjwa wa mtoto wa jicho. Ni moja ya sababu kubwa za upofu duniani.

Hapa utasema, "Lakini huu kweli unaletwa na umri." Ndiyo, mara nyingi unaletwa na umri. Lakini unatibika! Daktari wa macho hukitoa kioo chenye ukungu na kuweka kingine safi. Kazi hiyo haichukui muda mrefu. Mtu aliyekuwa akishikwa mkono huweza kutembea mwenyewe tena.

Angalia, mtoto wa jicho hauondoki kwa dawa ya kutia jichoni. Usimtie mzee maji ya majani machoni. Usimruhusu mtu amchome jicho kienyeji. Wengi wamepofuka kabisa kwa njia hizo.

LIPI BASI NI LA UZEE?

Yako mambo ambayo kweli ni ya uzee. Mzee hutembea polepole. Nywele hugeuka. Na usingizi hubadilika pia.

Pengine babu huamka saa 9 usiku, akakohoa, akachochea moto. Vijana wakalalamika. Hata jambo hilo wataalamu wamelichunguza kwa Wahadzabe. Watu wazima 33 walivaa vyombo vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika saa zaidi ya 220 zilizopimwa, ni dakika 18 tu ambapo wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Wakati mwingine wote palikuwa na mtu aliye macho. Wenye umri mkubwa hulala mapema na kuamka mapema, na vijana huchelewa kulala. Wataalamu wanadhani kuwa tangu kale jambo hilo liliwalinda watu. Wazee walikuwa walinzi wa usiku.

Basi babu akiamka mapema na mchana yu mzima, usihangaike. Lakini akiacha kulala kabisa, au akipumua kwa shida, huo si uzee. Mpeleke akapimwe.

MZEE NI WATU

Huko vijijini mkoani Morogoro, mwaka 2006 na 2007 watu zaidi ya 5,000 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliulizwa juu ya afya zao na maisha yao. Utafiti huo ulikuwa sehemu ya kazi iliyofanyika katika nchi kadhaa za Afrika na Asia kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani. Wanaume walisema hali yao ni nzuri kuliko wanawake. Wenye mume au mke walikuwa na hali nzuri kuliko walio peke yao. Na waliosoma walikuwa na hali nzuri kuliko wasiosoma.

Hapo tunajua nani wa kutazamwa kwanza kijijini. Ni mama mzee, mjane, asiyejua kusoma. Je, yuko mmoja karibu nawe? Wewe sasa unajua kusoma. Kadi yake ya zahanati umsomee. Dawa yake, kama ni kidonge kimoja asubuhi au viwili, umwambie.

SASA TUFANYE NINI?

Kwanza, kila mwenye miaka 40 na zaidi apimwe presha walau mara moja kwa mwaka, hata kama haumwi.

Pili, mwenye presha apewe dawa na mganga, azimeze kila siku. Asiache kwa sababu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anakunywa dawa. Wala asitumie dawa ya mtu mwingine.

Tatu, punguzeni chumvi katika chakula. Acheni tumbaku. Pombe nayo ipunguzwe.

Nne, mzee asiyeona vizuri apelekwe zahanati au kituo cha afya. Mganga akiona haja ataandika barua ya kumpeleka mbele, kwa daktari wa macho.

Tano, mzee anayesahau asigombezwe wala asichekwe. Mtajie jina lako unapomsalimu. Kaa naye, mzungumze habari za zamani. Asiachwe karibu na moto peke yake.

Sita, mdomo wa mtu ukienda upande ghafla, au mkono ukikosa nguvu, au maneno yakipotea, msingoje kesho. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Saba, muulizeni mtendaji wa kijiji utaratibu wa matibabu ya wazee wasio na uwezo. Sera ya mwaka 2003 inatambua haja yao ya kutibiwa. Mwenye miaka 60 na zaidi aandikishwe mapema, kabla hajaugua.

Ndugu msomaji, kesho asubuhi bibi atakaa tena mlangoni na ungo wake. Kaa karibu naye. Nyosha vidole viwili mbele yake, mbali kidogo, umwulize anaona vingapi. Muulize leo ni siku gani. Muulize kama amewahi kupimwa presha. Maswali matatu tu. Kisha panga siku ya kumpeleka zahanati.

Na mtu akikuambia, "Unahangaika bure, ni uzee tu," mwambie, "Tutajuaje, naye hajapimwa?"

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini daftari la hospitali haliwezi kutuonyesha hali ya wazee wote?

2. Huko Hai, wazee wangapi katika kila 10 walikuwa na presha? Kwa nini wengi wao hawakujua?

3. Wahadzabe wanatufundisha nini juu ya uzee na kazi?

4. Katika kitongoji chenu wako wazee wangapi wanaokaa peke yao? Nani huwatembelea?